Yaya, Kuna Kobalti Chini ya Shule Yako

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Chini ya shule yako kuna kobalti. Najua ungetaka nianze kwa salamu, nikueleze magoti yangu na mvua za mwaka huu, ndipo nifike kwenye jambo lenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hasukumi mlango wa mwenzake kwa bega. Lakini tangu Ntumba anipigie simu nimesahau kupiga hodi. Binti yako hulia kama ulivyolia wewe, bila sauti. Unagundua tu kwa sababu anaanza kumeza maneno. Aliniambia, "Mujomba, batoto balichimba kashimo kadogo, paka tu juu ya kujifunza. Sasa bantu banataka kuchimba nyumba yote."

Nyumba yote, Yaya. Nyumba ya matofali tulimozaliwa, pale Dilala, Kolwezi, yenye baraza ya saruji nyekundu ambayo mama alikuwa akiipaka nta kila Jumamosi na kutufukuza kama kuku tukiikanyaga. Vile vyumba viwili ulivyobomoa ukuta wa katikati ili watoto wapate mahali pa kukaa duara. Jiko la nje, parachichi la baba, bomba la maji lililopinda. Yote yaliyo juu ya ardhi yanaonekana sasa kama kifuniko tu, na watu wanataka kufunua sufuria.

Nakuandikia nikiwa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, nimekaa juu ya begi langu kando ya foleni ya malori, nikingoja dirisha la uhamiaji wa Kongo lifunguliwe. Ndiyo, ni mimi, mdogo wako aliyesema hatavuka tena mpaka huu. Simu haijashika mtandao tangu Chingola. Ujumbe wa mwisho wa Ntumba ulisema watu wameleta kamba na maturubai, wakayaacha nje ya uzio, "paka kuyaweka tu." Sijui kama leo bado yako nje ya uzio. Barua hii naiacha wazi kwa kuwa sina tena anwani yako. Mwenye mtoto na aisome.

Nianzie barazani, maana hapo ndipo shule yako ilipoanza, ingawa wewe mwenyewe ulikuwa bado msichana. Baba alikuwa akirudi na posho ya kampani ya mgodi: unga, mawese, makopo ya samaki. Uliniketisha, ukaniwekea kopo mapajani, ukanyamaza. Nikiuliza, "Yaya, hii ni herufi gani?" ulikuwa unatafuna muwa, unatema kapi, kisha unasema, "Tafuta. Mi niko hapa."

Nilichukia maneno yale. Watoto wengine walikuwa na dada waliowaambia majibu. Nilikwambia kwamba herufi ya kwanza inafanana na lile bomba letu lililopinda. Hukusema ndiyo wala hapana. Ulinyanyuka, ukanishika mkono, tukaenda hadi kwenye bomba, tukaliangalia pamoja kama wageni waliokuja kulinunua, tukarudi. Kisha ukaendelea na muwa wako. Siku niliposoma neno zima la kwenye kopo, nilipiga kelele hadi mama akatoka na mwiko. Wewe ulitabasamu upande mmoja tu wa mdomo. Nilielewa baada ya miaka mingi kwamba kunyamaza kule kulikuchosha kuliko kunijibu.

Shule ya kampani haikuwa hivyo. Unakumbuka mwalimu wetu aliyekuwa akichapa kwa kipande cha mkanda wa mashine ya kubebea mawe? Tulikuwa tunakariri mito ya nchi ambazo hata yeye hakuzifikia. Siku moja uliinua mkono, katikati ya mito, ukamwonyesha dirisha na kuuliza, "Mwalimu, ule mulima ulikuwa murefu. Sasa unapunguka. Unaendaka wapi?" Ulikuwa umeona jambo la kweli: mashine zilikuwa zinaula mlima ule kutoka upande wa pili. Alikuchapa viganja vyote viwili kwa kuvuruga somo. Ulirudi nyumbani ukamwomba baba maji ya chumvi, na ulipokuwa umeloweka mikono ukaniambia, "Hajui. Njo maana amenichapa."

Mwaka ule wenyeji wa Katanga walipotufukuza sisi wenye asili ya Kasai, wakituita bilulu, wadudu, ulibaki kwa sababu mume wako alikuwa Musanga, mwenyeji, na mlangoni kwako hakuna aliyethubutu. Mimi nilikaa stesheni pamoja na wengine, nikingoja treni ya kwenda Kasai, nchi ya wazee wetu ambayo sikuwahi kuiona hata kwenye picha. Ulikuwa unakuja na sufuria ya bukari, ugali wetu, chini ya kitenge, unapita katikati ya watu waliokuwa wakitutemea mate, unasema kwa sauti, "Pisha, napeleka chakula kwa ndugu yangu." Kwa ndugu yangu! Kila siku ulilisema neno hilo kwa sauti ya juu zaidi. Treni ilichelewa, nikapanda lori lililokuwa likielekea upande mwingine, na barabara ya shaba ikanimwaga Tunduma. Huko nimefundisha Kifaransa, nimeuza vitabu vilivyotumika, nimezeeka.

Ulipofungua shule yako nilikuwa nakutumia vitabu kupitia madereva. Vitabu vya watu waliofikiri sana juu ya mtoto: kwamba afuate udadisi wake, kwamba fimbo huua swali, kwamba mwalimu ni mtunza bustani. Ulivisoma vyote, ukavirudisha na maneno makali pembeni. Kwenye kimoja uliandika, "Huyu hajafundisha mutoto mwenye njala. Kwetu ni uji kwanza, kisha swali." Na ndivyo ulivyofanya. Asubuhi uji, kisha duara, kisha kila mtoto anasema leo anatafuta nini. Aliyetaka kujua kwa nini pikipiki moja ya taxi-moto hulia hivi na nyingine vile alitumwa kwa mafundi akasikilize. Waliotaka kujua bei ya nyanya walikwenda sokoni na kurudi na hesabu. Wazungu wa mgodi mmoja walipotaka kukujengea jengo lenye nembo yao ukutani, uliwaambia ukuta wako umeshajaa michoro ya watoto. Padri naye alitaka kukusaidia. Ukamshukuru, ukamwomba akuombee kwa Mungu tu. Hukutaka mtu yeyote awe na sababu ya kukuambia mtoto aulize nini.

Na ile sheria yako ya duara! Anayetaka kusema, akae chini kwanza. Mtoto, mzazi, padri, yeyote. Ulinisimulia kwa simu kuhusu inspekta wa shule aliyekuja na suruali yenye mkunjo kama kisu.

"Mama, kiti iko wapi?"

"Kiti hakuna, tata. Huku tunasemaka tukiikala chini."

Alibaki amesimama, akauliza maswali, na hakuna mtoto aliyefungua mdomo. Hawakuwa na jeuri. Walikuwa wanamngoja tu. Mwisho akatandika leso, akakaa juu yake kama anayekaa juu ya mayai. Msichana mmoja akamuuliza, "Tata, weye unaogopaka nini?" Ukaniambia alijibu, "Chef yangu," yaani bosi wake wa ofisini. Duara zima likacheka, naye akacheka, na tangu siku ile shule yako haikusumbuliwa tena. Nilikwambia ulikuwa na bahati. Ulinijibu kwamba si bahati, ni matako: mtu akikaa chini, damu inarudi kichwani.

Ulikuja Tunduma mara moja. Tulikaa mlangoni kwangu tukitazama malori yakielekea Dar, moja baada ya lingine, yamefungwa turubai, yamejaa vitu vya kwetu. Ulihesabu malori mpaka chai ikapoa. Kisha ukasema, polepole, kama mtu aliyepokea jibu la barua ya zamani sana: "Mudogo, angalia. Mulima wangu njo huu unapita." Nilijaribu kucheka. Wewe hukucheka. Ukasema, "Rudia nyumbani." Nikakuuliza nitarudi vipi kwa watu walionitemea mate. Ukasema, "Bale balizeeka. Batoto ya batoto yabo beko nasoma kwangu." Nikakumiminia chai nyingine, nawe hukunisukuma. Ulikuwa mtu wa kungoja. Na ulipofariki, Yaya, nilikuzika kwa simu. Ntumba aliishika juu ya umati, nikasikia nyimbo, nikasikia udongo ukigonga sanduku, kisha chaji ikaisha.

Sasa nifike kwenye shimo.

Kuna msichana anaitwa Plamedi, ana miaka tisa, aliingia shuleni baada yako. Baba yake, tata Ilunga, ni mmoja wa wale wachimbaji wa mkono wanaoshuka kwa kamba. Asubuhi moja, baada ya uji, Plamedi alisema, "Mama Ntumba, mi natafuta kujua: chini ya masomo yetu, chini ya hii nyumba, kuko nini?" Nawe unajua jibu alilopewa. Lipi lingine? Binti yako alilinyonya pamoja na maziwa. "Tafuta," akamwambia. "Mi niko hapa."

Wakachimba nyuma ya jiko, kwa jembe la bustani na vijiko. Ntumba alikaa ukingoni muda wote. Walipima kina kwa kumsimamisha Dieumerci, mdogo kuliko wote: likamfikia magoti, likamfikia kiuno. Walipata mifupa ya kuku. Walipata kipande cha ile sahani ya mama yenye maua ya buluu, ambayo mimi nilisingiziwa kuivunja. Kila udongo ulipobadilika rangi waliuweka kwenye chupa ya mayonezi na kuandika jina walilolitunga wenyewe: Udongo wa Kuku, Udongo wa Tofali, Udongo wa Haradali. Shimo lilipomfikia Dieumerci kifuani, Ntumba akasema basi. Plamedi akaomba achote mara ya mwisho. Akatoa jiwe jeusi, zito, lenye ukijani pembeni, akalizungusha kwenye mwanga, akasema bila furaha yoyote: "Hii ni kobalti. Tata anaitafutaka mbali, kumbe iko hapa."

Hapo mtu mwingine angefukia shimo, akawaambia watoto wakae kimya. Mkuu wa shule yoyote ya Kolwezi angejua hivyo. Lakini mwisho wa muhula ulikuwa umekaribia, na wewe ulituachia desturi ile: shule yako haitoi alama, watoto wanapanga mezani walichokitafuta, wazazi wanazunguka, wanauliza, mtoto anajibu. Ntumba alifanya ulivyomfundisha. Alipanga zile chupa kwa mstari barazani, kutoka udongo wa juu hadi jiwe, na Plamedi akasimama nyuma ya ile ya mwisho. Yaya, nilipoambiwa nilishika kichwa. Halafu nikajiuliza wewe ungefanya nini, nikaona kwamba ungefanya vilevile, tena ungeziweka karibu zaidi na mlango. Ntumba alikuwa anafikiria somo zuri kuliko yote ya mwaka ule. Wazazi walisoma zile chupa jinsi mtu wa Kolwezi anavyosoma udongo. Waliacha kutembea. Kabla wali haujapakuliwa, chupa ya mwisho haikuwapo mezani, na kabla sahani hazijaoshwa kulikuwa na wanaume kwenye uzio wakipima kwa macho.

Aliyeichukua alikuwa tata Ilunga. Aliipeleka kwa wale wanunuzi wenye kimashine cha kupimia mawe, na kimashine kikasema alichokuwa anakijua. Aliirudisha chupa mwenyewe, imeoshwa, akamwambia Ntumba, "Mama, mi siko mwizi. Ni kitu ya mutoto wangu." Kisha akaomba aongee nami, mwenye lupango, yaani kiwanja. Maana baba ndiye aliyeuziwa nyumba ile na kampani, baadaye ikawa yako, na karatasi sasa zina jina langu. Mkuu wa mtaa ameshasema kwamba hakuna koleo litakaloingia bila neno la mzee mwenyewe.

Nilijiandaa kumkemea. Alikuwa na sauti ya mtu anayekohoa vumbi.

"Tata, jambo. Weye uko mbali. Mi nashuka mu shimo kila siku, juu ya huyu mutoto asome. Unasikia?"

"Nasikia, tata Ilunga."

"Wiki iliyopita shimo lilifunga nyuma yangu. Balinivuta na kamba. Sasa naambiwa kile natafuta kiko chini ya masomo yenyewe, karibu na jiko, mahali mutoto wangu anakulaka uji. Niambie, weye ungefanya nini? Mi njo niko mubaya?"

Nilimwambia hapana, si mbaya. Katika vitabu vyote nilivyokutumia, hakuna kilichomwandika baba kama huyo.

Kisha mnunuzi mmoja akatoa ahadi: atajenga shule nyingine, kubwa, yenye bati la buluu, huko njia ya Kapata, na watoto watapelekwa kwa taxi-moto. Majirani wawili wameshatandika maturubai juu ya viwanja vyao na wanachimba chini ya vyumba wanamolala. Ntumba anasema asubuhi sakafu ya darasa inatoa mlio kama ngoma ukiikanyaga mahali fulani. Labda ni woga wake tu. Mimi nausikia mlio huo hapa, chini ya begi langu.

Nilikuwa nimekata shauri. Nitasema hapana, kwa simu, kwa sauti ya mzee, na jambo litaisha. Ntumba akasema sawa, lakini neno langu lipite kwanza kwenye duara la watoto, kwa sababu mahali panapozungumzwa ni pao. Nikakubali. Nilifikiri ni heshima ndogo ya kuwapa watoto. Akaweka simu katikati ya mkeka, akaongeza sauti.

"Batoto, jambo yenu," nikasema, kwa Kiswahili chetu ambacho nilikuwa sijakitumia mbele ya watu tangu stesheni.

"Jambo, tataaa!"

Nikakohoa, nikaanza. Sikufika mbali. Nikasikia sauti nyembamba, ya Dieumerci nadhani: "Mama Ntumba, huyu anasemea wapi?"

"Eko Tanzania."

"Aliikala?"

"Ndiyo, huko kwake aliikala."

"Huko kwake! Hapa hajaikala. Simu haina matako."

Yaya, walicheka mpaka simu ikakoroma. Nami nilicheka, peke yangu chumbani Tunduma, machozi yakanitoka. Ntumba alijaribu kuwatuliza: huyu ni mdogo wa Kambo, yaani bibi, kama wanavyokuita wewe, huyu ndiye mwenye lupango. Ndipo Plamedi akaongea. Unamfahamu mtoto wa namna hiyo. Ulikuwa mmoja wao.

"Kambo alisemaka: mwenye kusema, aikale. Hata inspecteur aliikala. Akuye, aikale, tutamusikia."

"Na mutamungoja mpaka siku gani?" Ntumba akauliza.

"Tutamungoja mpaka siku ya kwanza. Nyuma ya siku ya kwanza, batata betu banasema hawawezi tena kungoja."

Siku ya kwanza, yaani Jumatatu. Leo ni Jumamosi.

Baada ya simu ile nilikasirika, nakiri. Nikajiambia kwamba hili ndilo tulilolipanda, watoto wanaomfungia mzee mlango. Kisha hasira ikaisha ikabaki hofu, na hofu hiyo ina sura mbili. Ya kwanza ni ile unayoijua: kushuka Kolwezi, kupita stesheni, kukaa chini kati ya wajukuu wa walioniita kilulu. Ya pili ni mbaya zaidi. Naogopa nitakaa, nitangoja zamu yangu, na watoto wenyewe watasema: tuchimbe. Kwa nini wasiseme? Wana njaa, na wanajua jiwe lile linanunua nini. Mtoto wa Kolwezi anajua bei ya jiwe kabla hajajua herufi. Na tukisema siku zote kwamba tunamsikiliza mtoto, je, siku hiyo tutaziba masikio? Au tutamsikiliza mpaka sakafu itakapozama naye?

Nilizunguka na swali hilo siku mbili. Nilifungua vitabu vyako, nikasoma pembeni, nikitafuta mahali ulipolijibu. Hukulijibu. Nikarudi kwenye baraza, kwenye kopo, na hapo nikaona kitu nilichokuwa nimekikalia miaka yote. Maneno yako yalikuwa mawili, nami nilikuwa nimebeba moja tu. "Tafuta" ni la mtoto. "Mi niko hapa" ni la mkubwa. Hukuwahi kunipa la kwanza bila la pili. Ulitoka ukaenda nami hadi kwenye bomba. Ntumba alikaa ukingoni mwa shimo mpaka mwisho, na lilipofika kifuani akasema basi, na hakuna mtoto aliyelia kwamba ameonewa. Kumsikiliza mtoto hakukuwahi kumaanisha kumtwisha mzigo wetu na kumwambia amua. Mimi nilitaka kusema hapana yangu kwa simu na kumwachia Ntumba maturubai, kamba, na macho ya tata Ilunga. Hiyo nayo ni namna ya kutokuwapo.

Basi nimekuja. Nimepita barabara ile ile ya malori, wao wakishuka nami nikipanda, na kila lililopishana nasi nililisalimu kwa niaba yako, huenda limebeba kipande cha mlima wako. Begini nina karatasi za lupango, mto mdogo wa magoti, na sukari ya uji. Nimeshajua nitasema nini zamu yangu ikifika: kwamba lupango halitachimbwa nikiwa hai, na kwamba kwa sababu hiyo nitaishi humo humo, kwenye kile chumba cha nyuma, ili atakayekuja na koleo anikute mimi kabla ya kumkuta Ntumba. Nitamwomba tata Ilunga akae karibu nami. Anajua ardhi inavyofunga. Nitamwomba awaeleze watoto siku walipomvuta kwa kamba, mbele ya binti yake, kama atakubali. Labda atakataa. Labda atainuka aondoke na mtoto wake, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu shule bila Plamedi itakuwa imepona kuta tu. Sina dawa ya hilo. Mbele yake nitakuwa na uji, na kungoja, kama ulivyokuwa nao wewe.

Dirisha limefunguliwa, nimerudi kwenye begi sasa hivi. Nilikuta kijana wa uhamiaji, sare safi, amechoka tangu asubuhi. Akageuza pasi yangu, akaona mahali pa kuzaliwa, akaniangalia.

"Tata, weye ni wa Kolwezi?"

Miaka yote nilikuwa nimeliandalia swali hilo majibu marefu. Nikasema, "Ndiyo."

"Na unaenda kufanya nini huko?"

"Naenda ku masomo."

Akacheka, akamwita mwenzake. "Yoo! Kuya uangalie! Huyu tata, na mvi yote hii, anaenda ku masomo!" Mwenzake akachungulia akauliza niko darasa la ngapi. Nikamwambia sijui bado, nitawekwa nikifika. Wakapiga muhuri. "Usichelewe, tata," yule kijana akasema, "mwalimu atakuchapa." Nikamwambia kwamba shuleni kwangu hawachapi.

Dereva wa Lubumbashi anapiga honi. Kesho Likasi, Fungurume, kisha Kolwezi, Mungu akiniwekea barabara. Kama maturubai bado yako nje ya uzio nikifika, nitashukuru. Kama yameshaingia, nitatandika mkeka juu yake. Keshokutwa asubuhi, baada ya uji, nitashika ukuta, nitapiga goti moja, kisha la pili, nitakaa chini mahali ulipokuwa unakaa. Nitamwacha Plamedi aseme kwanza, swali ni lake. Zamu yangu ikifika, kabla ya neno lolote kuhusu lupango, nitawaambia lile ambalo nimeshindwa kulisema katika mji ule tangu nilipotoka stesheni.

Mi niko hapa.

Mdogo wako,
uliyempelekea bukari chini ya kitenge